Kamera Isiyomgeuza Mlezi

Nchi yetu iko mahali pazuri, katikati ya nchi mbili zinazotuonea wivu. Jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja kabla ya saa sita mchana kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa saa saba. Inatosha kusema kwamba tuna wimbo wa taifa wenye beti kumi na tisa, mto mmoja, na kamera moja.

Kwa mgeni asiyejua mambo, kamera moja inaweza kuonekana haba kwa watu milioni tisa. Mgeni huyo akae atulie. Kwetu sura ya raia ni mali ya umma, na mali ya umma haipigwi picha ovyo. Simu tunazo, tena nyingi, na sheria inaturuhusu kujipiga picha wakati wowote, mradi iwe kuanzia shingoni kwenda chini. Ndiyo maana albamu zetu za harusi zimejaa suti na magauni, na mtu humtambua shangazi yake kwa viatu. Sura hupigwa na Kamera ya Taifa peke yake, nayo ina masharti mawili. La kwanza, kamera mpya haimpigi raia yeyote kabla haijampiga Mlezi wa Taifa, ambaye ndiye kiongozi wetu na picha yake imetundikwa katika kila chumba chenye ukuta. La pili, hakuna raia anayeruhusiwa kutoka vizuri pichani kuliko Mlezi.

Sharti la pili lilimtesa sana Mzee Kiluwa, Mpigapicha wa Taifa kwa miaka thelathini na moja. Watu wa sura ya kawaida hawakumsumbua. Akija mwenye sura nzuri, ilimbidi mzee wa watu aitikise kamera kidogo. Mama yangu ana kitambulisho kilichotikiswa mara mbili, na huwaonyesha wageni kabla hawajakaa.

Kamera hiyo ilikuwa ya mkanda. Mwaka jana mikanda ikaadimika, serikali ikatuma ujumbe ng'ambo, na ujumbe ukarudi na mkanda mmoja, wa mwisho kabisa. Ulitumika wote, picha thelathini na sita, kumpiga Waziri akipokea mkanda wa mwisho.

Hapo ndipo mambo yalipotugusa sisi wa Shule ya Bweni ya Taifa. Mtihani wa Kidato cha Nne haufanywi bila kadi, na kadi haitolewi bila picha. Darasa la mwaka jana halikupigwa picha, kwa hiyo halikufanya mtihani. Kwa kuwa halikufanya mtihani, halikufeli. Kwa kuwa halikufeli, halikuweza kurudia darasa. Wizara ilitafakari kwa miezi mitatu, ikawaita Kidato cha Nne na Nusu, na wakapangiwa madawati nyuma yetu.

Mmoja wao alikuwa Dada Sikudhani. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimemshikia nafasi mwaka jana. Kikamwandikia kwamba mwaka huu pia kitamshikia, na kwamba hakitafanya hivyo mara ya tatu. Kadi zetu zilitakiwa kupakiwa kwenye lori la Baraza la Mitihani Ijumaa, saa sita kamili mchana. Siku ninayoanzia hadithi hii ilikuwa Jumatatu, na kamera ilikuwa haijachaguliwa.

* * *

Kamati ya Taifa ya Kuchagua Kamera ya Kwanza ya Kidijitali iliwasili ikiwa na wajumbe kumi na wanne na mito yao ya kukalia. Ilikuja kukutana shuleni kwetu ili iwe karibu na wananchi, na pia kwa sababu hoteli ya mjini ilikatiwa maji. Ilichukua bwalo la chakula. Sisi tulianza kula tumesimama nje, chini ya mchirizi wa paa, jambo ambalo Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Nyamizi, alitueleza kwamba husaidia chakula kushuka.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Daktari Mkonga, ambaye udaktari wake ni wa magonjwa ya samaki. Mzee Kiluwa hakuwa mjumbe. Aliomba, akajibiwa kwamba yeye anazijua kamera, na anayezijua anaweza kuzipendelea. Akapewa kiti karibu na mlango, ajibu akiulizwa. Wanafunzi wawili waliitwa kuwakilisha umma: Dada Sikudhani kwa sababu ni mkubwa, na mimi kwa sababu Bi. Nyamizi alitaka niwe mahali anaponiona.

Mezani palikuwa na kamera tatu, zile zenye kioo ndani na lenzi ya kuvua na kuvisha, ambazo mafundi wa picha huziita DSLR. Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyeusi, na lenzi fupi. Ya pili ilikuwa ya kati. Ya tatu ilikuwa nzito kama tofali, na lenzi yake ilitoka mbele kama bomba la jiko.

"Ndugu wajumbe," alisema Mwenyekiti, "taifa haliangalii kamera. Kamera ndiyo inayoliangalia taifa. Swali letu basi ni moja tu. Je, tumejiandaa kuangaliwa?"

Wajumbe walipiga makofi dakika mbili, kikao kikaahirishwa kwa ajili ya chai.

Baada ya chai walizipima kwa mizani ya jikoni, ile tunayopimia maharage, ili wajue ipi ina heshima zaidi. Ya tatu iliongoza. Kisha wakaingia kwenye nukta, maana picha ya kidijitali imeundwa kwa nukta ndogondogo, na kila moja ya kamera zile ilikuwa na milioni ishirini na nne. Mjumbe wa Takwimu alishtuka. Alisema nchi ina watu milioni tisa, kwa hiyo kamera ingeona watu milioni kumi na tano wasiokuwepo. Mjumbe wa Tume ya Uchaguzi alimtuliza, akasema hao wapo, wamo katika daftari la wapigakura.

Wakafika kwenye kasi. Karatasi ya muuzaji ilidai kwamba kamera ndogo hufungua na kufunga jicho lake kwa sehemu moja ya elfu nne ya sekunde. Mwenyekiti aliisoma mara mbili.

"Serikali hii," alisema, "haijawahi kufanya jambo lolote kwa muda huo. Iandikwe kuwa ni pupa."

Tatizo jingine likawa kitufe cha kijani, ambacho ukikibonyeza kamera hujiamulia yenyewe mwanga na kasi. Wajumbe hawakupenda chombo kinachojiamulia. Wakaambiwa ipo pia namna ya mkono, ambapo anayeamua ni mpigapicha. Hiyo waliipenda kidogo zaidi ya sifuri. Waliuliza kama hakuna kitufe kinachoiachia Wizara iamue.

Jumanne jioni ndipo Mzee Kiluwa alipoulizwa.

"Wewe mzee, ingekuwa ni wewe ungechukua ipi?"

"Hii ndogo, Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Nyepesi. Mtu anayeanza na kamera hizi anahitaji ile atakayoibeba kila siku bila kuilaani. Vitufe vyake vichache, na hiyo lenzi iliyokuja nayo yatosha kupiga sura ya mtu. Bega langu hili limechoka, na nina sura mia mbili hamsini na mbili za kupiga kabla ya Ijumaa."

Mwenyekiti aliwageukia wenzake kwa masikitiko. "Mmeona? Anapendelea."

* * *

Sasa nafika Jumatano, siku ambayo ningependa kuieleza kwa haraka. Mwenyekiti aliuliza kama umma una swali. Umma, yaani mimi, haukuwa na swali. Umma ulikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa hapendi kuona watu kumi na wanne wametulia juu ya mito. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, katika fizikia tumefundishwa kwamba lenzi hugeuza taswira. Mtu akipigwa picha, ndani ya kamera huwa kichwa chini, miguu juu. Nilitaka tu kujua kama kamati imelizingatia hilo."

Afande Bundala wa Idara ya Usalama, ambaye tangu Jumatatu hakuwa amesema neno, alifungua daftari.

"Nani huwa kichwa chini?"

"Kila mtu, afande."

"Kila mtu, pamoja na nani?"

Nikatazama sakafu. Afande akatazama ukutani, kwenye picha ya Mlezi, kisha akaandika kwa muda mrefu kuliko maneno niliyosema.

"Ni kwa sehemu moja ya elfu nne ya sekunde tu," alisema Mzee Kiluwa kutoka mlangoni. "Halafu kamera yenyewe inamsimamisha. Hata ile ya zamani ilikuwa hivyohivyo."

"Mzee," alisema Afande, "unaniambia kwamba kwa miaka thelathini na moja umekuwa ukimweka Mlezi wa Taifa kichwa chini, na hukutoa taarifa?"

Mzee Kiluwa akakaa. Kikao kikaahirishwa bila hata chai, na hapo kila mtu alielewa kwamba jambo ni zito.

Dada Sikudhani alinisubiri nje, karibu na karo la kuoshea sahani.

"Kibwana, mdogo wangu, njoo hapa. Ulimi wako huo ungeruhusiwa kufanya mtihani peke yake, ungepata daraja la kwanza. Sisi wengine tunafanya kwa kichwa, na tunataka kadi."

"Nilikuwa natania, dada."

"Najua ulikuwa unatania. Wao wanajua?"

Nilijitolea kuosha sahani zake kwa wiki mbili, akasema wiki mbili zijazo anatarajia kuwa mahali pengine, kama sitasema tena kitu.

* * *

Alhamisi asubuhi kamati iliwapigia simu wauzaji wote watatu na kuagiza lenzi isiyogeuza watu. Wawili walikata simu. Wa tatu, aliyekuwa muungwana, alieleza kwamba lenzi ya namna hiyo haipo, na kwamba hata jicho la binadamu hufanya vilevile: kila tunachokiona huingia ndani kichwa chini, na ubongo ndio unaokisimamisha.

Simu ilikuwa kwenye spika. Sidhani kama mtu yule wa watu alijua alichokifanya.

Afande Bundala alivua miwani. Alikuwa mtu mwaminifu, na nilimwona akipiga hesabu: raia milioni tisa, macho mawili kwa kila mmoja, miaka thelathini na moja, picha ya Mlezi katika kila chumba. Bi. Nyamizi, aliyekuwa akiikodolea macho picha ile kwa heshima, aliyahamisha taratibu hadi kwenye dirisha. Wajumbe wengine walifumba yao. Afande alichukua karatasi mpya, akajiuliza jina lake, akajijibu, akajiandikia maelezo ya kurasa mbili na kujidhamini mwenyewe.

Hadi saa nane mchana mapendekezo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kumning'iniza Mlezi kwa miguu wakati wa kupigwa picha, ili ndani ya kamera asimame sawasawa. Lilikuwa sahihi kabisa kisayansi, na lilikosa mtu wa kulipeleka Ikulu. La pili lilikuwa kuahirisha kamera hadi mwaka ujao ili kupisha utafiti.

Hili la pili liliungwa mkono na wajumbe kumi na watatu. Wa kumi na nne alikuwa amelala. Mwenyekiti alisema litapigiwa kura saa kumi na moja, wakishapumzika.

Nilimtazama Dada Sikudhani. Alitoka nje, akaenda hadi kwenye benchi alipokuwa Mzee Kiluwa, akakaa. Nilimfuata kwa mbali kidogo, kama mtu anayejua kwamba hapendwi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Pole."

"Mzee, hakuna namna yoyote kamera ikampiga mtu bila kumgeuza?"

Mzee Kiluwa alifikiri. "Namna ni moja. Isimwone."

"Isimwoneje?"

Alishika kifuniko cha plastiki, duara, cheusi. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi kwenye ile kamera ndogo, ambayo alikuwa ameipakata kama mtu anayembembeleza mjukuu. Akakibana mbele ya lenzi. "Hivi. Watu wengi wakinunua kamera ya kwanza hukisahau hiki, wanapiga safari nzima halafu wanarudi na giza. Lakini huko ndani hakuna aliyegeuzwa."

"Na italia kama imepiga?"

"Ikiachiwa kujitafutia yenyewe cha kupiga, hapana, itakataa. Nikisogeza swichi hii ya ubavuni nikaishika kwa mkono, italia vizuri tu. Hata taa yake itawaka."

"Mzee, naomba uje nami bwaloni."

"Binti, unaelewa sharti la pili? Mlezi akitoka hivi, hakuna raia atakayeruhusiwa kutoka zaidi ya hivi. Hata wewe. Kadi yako itakuwa na kigae cheusi."

"Sihitaji sura kwenye kadi, mzee," alisema Dada Sikudhani. "Sura ninayo. Nahitaji kadi."

* * *

Dada Sikudhani alilieleza wazo hilo bwaloni kwa dakika tatu. Mwenyekiti alilieleza upya kwa dakika arobaini, na lilipomaliza kupita kinywani mwake lilikuwa limekuwa wazo lake. Aliliita Upigaji Picha wa Heshima. Afande alitaka kujua kama gizani Mlezi anaweza kuwa amesimama, akahakikishiwa kwamba hakuna ushahidi wowote wa kinyume chake. Akafunga daftari.

Baada ya hapo uchaguzi wa kamera ukawa rahisi. Kamera zote tatu zilipiga giza la kiwango kimoja. Nukta, kasi, lenzi, vyote vikafutwa kwenye kumbukumbu, ikabaki kushindanisha vifuniko. Cha kamera nzito kilikuwa kikubwa kama kisosi, na mjumbe mmoja alikuwa ameshakiwekea kijiko. Cha ile ya kati kililegea. Cha ile ndogo kilibana, tena kilikuwa na uzi. Kamati ikaichagua ndogo kwa kauli moja. Mzee Kiluwa alisaini kupokea kamera aliyoitaka tangu Jumanne, na uso wake haukuonyesha chochote, maana ameishi hapa kwetu miaka mingi.

* * *

Ijumaa Mlezi wa Taifa alitarajiwa saa tatu. Alifika saa tano kasorobo. Ziliimbwa beti zote kumi na tisa. Lori la Baraza la Mitihani lilikuwa limeegeshwa getini, injini inaunguruma, na dereva alikuwa anaangalia saa yake kama anayeinunua. Nilimwona Dada Sikudhani akihesabu kwa midomo. Kutoa picha mia mbili hamsini na mbili kwenye mashine na kuzibandika kulihitaji nusu saa nzima.

Mlezi alikaa. Kwa karibu ni mtu mdogo, mwenye kikohozi, na hafanani hata kidogo na picha yake ya ukutani, ambayo alipigwa kabla mimi sijazaliwa. Mzee Kiluwa alipiga goti, akasogeza swichi, akainua kamera ikiwa na kifuniko chake. Taa iliwaka. Kamera ililia. Mwenyekiti aliichukua kwa mikono miwili na kumwonyesha Mlezi kioo cha nyuma.

Mlezi alikitazama. Akakigeuza kidogo, akakitazama tena.

"Huyu nani?"

Sijawahi kusikia watu mia tatu wakiacha kupumua kwa wakati mmoja. Mwenyekiti alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakikutoka kitu. Ilikuwa saa tano na robo.

"Ni wewe, baba," alisema Dada Sikudhani. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemsomea mgonjwa cheti chake. "Umetulia. Halafu hakuna mkunjo hata mmoja."

Mlezi alikisogeza kioo karibu na macho. Aliutafuta mkunjo kila kona, na kwa kweli hakuuona.

"Hapa nimepungua," alisema.

"Sana, Mheshimiwa," alisema Mwenyekiti, akiwa amerudiwa na uhai.

"Ile ya zamani ilininenepesha. Ondoeni zile zote. Wekeni hii."

Ndipo akaanza kutuhutubia juu ya thamani ya mwonekano, na hatukusikiliza, kwa sababu Mzee Kiluwa alikuwa tayari ametupanga mstari. Alitupiga mmoja mmoja, kifuniko kikiwa palepale, kwa utaratibu uleule, na hakutoka vizuri mtu yeyote kuliko mwingine. Aliwaambia wasichana wakae sawa. Alimrekebisha mmoja kola. Mimi nilipofika mbele ya lenzi nilishindwa kujizuia, nikacheka, na kamera ikalia hapohapo. Dada Sikudhani alipigwa yake bila kupepesa, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha ya kweli. Kadi ya mwisho iliruka juu ya lango la lori saa sita kasoro dakika mbili. Ilikuwa bado na gundi mbichi.

* * *

Msimamizi wa mtihani aliletwa kutoka mkoa mwingine, kama inavyotakiwa. Alikuwa mtu mkali, mwembamba, na hakuwa ameelezwa kitu. Alisimama mlangoni mwa ukumbi, akashika kadi ya kwanza, akatazama kigae cheusi, akamtazama mwanafunzi. Uso ulianza kumvimba. Akainua kichwa ili aite askari.

Juu ya ubao, ndani ya fremu mpya ya dhahabu, palikuwa na kigae kilekile, kikubwa kama dirisha, na chini yake maandishi: MLEZI WA TAIFA.

Aliishusha kadi polepole. Nadhani alikuwa mtu mwenye watoto.

"Pita," alisema.

Kufikia mimi alikuwa ameshaizoea kazi. Aliikagua kadi yangu, akanikagua mimi, akakunja uso.

"Hapa umecheka."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwenye picha ya serikali hatucheki. Pita."

Kidato cha Nne na Nusu waliingia mwisho, na Dada Sikudhani akawa mwisho wao. Kwake msimamizi alikawia. Karatasi za mtihani zilikuwa zimeshagawiwa, na wengine walikuwa wanaandika. Mimi sikuweza. Aliisogeza kadi kwenye mwanga, akamtazama yeye, akairudia kadi.

"Mbona hapa kama si wewe?" alisema. "Ulikuwa umenyoa?"

"Nilikuwa nimenyoa," alisema Dada Sikudhani.

"Enhe. Nikasema." Akamrudishia. "Nywele zimekupendeza zaidi. Nenda kakae."

Alipita kati ya madawati hadi safu ya nyuma, akakaa, akaifunua karatasi, na kwenye mstari wa kwanza akaandika majina yake yote matatu, taratibu, herufi kubwakubwa, mtu aweze kumwona.